Mhariri, kabla ya "dunia ya pili" tuandikieni kwanza habari ya vumbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache, ingawa najijua hayatakuwa machache, kuhusu ile habari yenu fupi ya wanasayansi wanaotafuta vumbi la joto karibu na nyota. Hapa Dodoma imekuwa kicheko. Kijiweni wamesema waje wachukue la kwetu bure, mwezi wa nane huu upepo ukianza kuvuma Kizota shati jeupe ulilotoka nalo asubuhi jioni hulijui tena, halafu kuna mtu mzima na digrii zake analipwa kutafuta vumbi la nyota ambayo hatafika yeye wala vitukuu vyake. Utani mzuri na mi nimecheka. Ila habari yenyewe mliikata palepale ilipoanza kunoga, na wiki hiyohiyo ukurasa wa nyuma mkaweka kwa herufi kubwa kwamba "dunia ya pili", yaani sayari inayofanana na hii yetu, iko mbioni kupatikana, na hamna hata sentensi moja iliyomwambia msomaji kwamba hizo habari mbili ni habari moja, kwamba hiyo dunia ya pili ionekane au isionekane vumbi lina mkono wake. Hapo ndo penye hoja yangu.

Mi ni fundi umeme wa viwandani, nazunguka mashine za kukamua alizeti na za kusaga, Kibaigwa, Manyoni, Singida mpaka Kondoa huko, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kupita na kamera ya joto kwenye paneli kuangalia wapi maungio yamelegea kabla hayajaungua. Hiyo kamera haioni mwanga huu wa macho, inaona infraredi, yaani mwanga ambao kila kitu chenye joto kinautoa chenyewe bila kuwashwa, ukuta, mbuzi, mtu, breka iliyochoka, vyote vinautoa usiku na mchana. Kamera kama yangu inasoma mawimbi ya maikromita 8 mpaka 14 hivi, maikromita moja ni sehemu moja ya milioni ya mita. Kuna sababu ya kuwa hapo na sio kwingine, kitu chenye joto letu hili la kawaida duniani mwanga wake unakuwa mkali zaidi karibu na maikromita 10, na bahati nzuri hewa inaupitisha, mvuke wa maji na kabonidioksaidi vinaziba sehemu nyingi za infraredi lakini hapo wametuachia dirisha. Sasa nilipokuja kusoma kwamba wale wa kule Arizona, Marekani, wanaotafuta vumbi la joto la nyota nao wanaangalia kwenye maikromita 11, nikasema hee, kumbe tunachungulia dirisha moja.

Na ndivyo inavyotakiwa iwe ukifikiria. Vumbi lililo mbali na nyota yake kama Dunia ilivyo mbali na Jua linaota mwanga uleule tunaoota sisi, kwa hiyo joto lake halipishani sana na la huku kwetu, na kama joto ni la huku basi mwanga wake nao utakuwa wa huku, maikromita 10 na kuendelea kidogo. Nyota yenyewe ni nyuzi elfu tano na zaidi, mwanga wake mkubwa ni huu wa macho. Ukitaka kuliona vumbi unaacha mwanga wa macho unaenda infraredi, kule nyota inapungua nguvu na vumbi linapanda, japo nyota bado inalishinda mbali sana, nitafika hapo.

Kwanza hili la kwetu, maana Jua letu nalo lina vumbi lake na tena linaonekana kwa macho bila kamera yoyote. Wazee wetu Waislamu wanaliita alfajiri ya uongo. Kabla ya alfajiri ya kweli kunatokea weupe mashariki umesimama kwenda juu kama nguzo pana chini nyembamba juu, haujatanda kushoto na kulia, unakaa kidogo kisha ndo inakuja ile ya kweli inayotanda upeo wote, na anayefunga anatakiwa asidanganyike akaacha daku mapema. Vitabu vya fiqhi vimeupa mfano wa mkia wa mbwa mwitu. Wanaastronomia wengi wanasema ule weupe ndo mwanga wa zodiaki, yaani mwanga wa Jua unaopiga chembe za vumbi zilizotawanyika katikati ya sayari, kwenye njia ileile ambayo Mwezi na Zuhura na Mshtarii wanapita. Jioni nao upo, magharibi, baada ya giza kushika. Na sisi watu wa Dodoma tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta kwa hiyo ile njia ya sayari inasimama karibu wima juu ya upeo, wakati kule Ulaya miezi mingi inalala pembeni inamezwa na ukungu wa chini, yaani kwa hili sisi tuko siti ya mbele na watu hawajui.

Vumbi hilo linatoka wapi? Sehemu kubwa ni kometi, zile nyota zenye mkia, kila zikipita karibu na Jua zinapukutika, na nyingine ni asteroidi, yaani mawe makubwa yanayozunguka Jua, zikigongana kule kati ya Mirihi na Mshtarii. Na halikai. Chembe ndogo kabisa zinasukumwa nje na mwanga wenyewe wa Jua, zilizo kubwa kidogo mwanga huohuo unazipunguzia mwendo taratibu zinazunguka zikiingia ndani mpaka zinaungua, hilo la pili alilianzisha kimahesabu Mwingereza John Poynting mwaka 1903 na Mmarekani Howard Robertson akalinyoosha 1937. Kwa hiyo ukiona vumbi karibu na nyota yenye umri wa mamilioni au mabilioni ya miaka ujue sio lile la mwanzo, kuna kitu kinalitengeneza sasa hivi, kuna mawe yanagongana au kometi zinapukutika. Yaani vumbi ni ushahidi kwamba kuna vitu vikubwa zaidi hapo ambavyo hatuvioni. Hili peke yake lingetosha kuwanyamazisha kijiweni.

Hapa niwape na ya pembeni kwa wapenda muziki, mpiga gitaa wa Queen, Brian May, bendi ileile ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alikuwa anasomea PhD ya hili vumbi la zodiaki miaka ya 70 mwanzoni, muziki ukamchukua akaiacha, akaja kuimaliza mwaka 2007 pale Imperial College London. Zaidi ya miaka thelathini katikati. Vumbi lilimsubiri.

Haya turudi. Habari ya vumbi la nyota nyingine ilianza kwa njia ambayo sisi mafundi tunaielewa vizuri. Januari 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza walirusha satelaiti inaitwa IRAS, kioo chake sentimita 57 tu, ikapozwa kwa heliamu ya kimiminika ili yenyewe isije ikawa inatoa joto na kujisoma. Ilifanya kazi kama miezi kumi heliamu ikaisha. Sasa ili uamini vipimo unahitaji kitu cha kulinganishia ambacho unakijua, na wao walichukua nyota ya Vega, iko miaka 25 ya mwanga kutoka hapa, yaani mwanga wake unachukua miaka 25 kutufikia, ni nyota ambayo kila mtu alikuwa anaitumia kama jiwe la mizani. Wakapima. Kwenye mawimbi mafupi iko sawa, kwenye maikromita 60 na 100 inawaka kupita kiasi, kupita mno. Mtu mwingine angesema mashine mbovu. Wakarudia rudia wakaona sio mashine, ni Vega, ina vumbi linaloizunguka limeota joto. Muda mfupi baadaye wakaongezeka wengine, Fomalhaut, Beta Pictoris, Epsilon Eridani, na mwaka 1984 Beta Pictoris ikapigwa picha na darubini ya Las Campanas kule Chile, sahani ya vumbi inaonekana kwa ubavu.

Ila lile lilikuwa vumbi la baridi, liko mbali sana na nyota zake, la Vega lile lilikuwa na joto la kama nyuzi 190 chini ya sifuri. La joto, lililo karibu, huko ambako sayari kama yetu ingekaa, ndo limekuwa gumu. Na ugumu wenyewe nitauelezea kwa lugha ya kazini kwangu maana sioni lugha nyingine.

Ukichukua vumbi lote hili la kwetu ukaenda kulitazama kutoka kwenye nyota nyingine kwenye maikromita 10, lingekuwa linatoa sehemu moja tu kati ya elfu kumi ya mwanga wa Jua au pungufu ya hapo. Na kipimo cha jumla ya mwanga wa nyota hata ukijitahidi vipi kina kosa la asilimia moja au mbili. Asilimia moja ni sehemu moja kwa mia! Unatafuta kitu cha moja kwa elfu kumi kwa kipimo kinachokosea moja kwa mia, ni sawa na mimi nitafute joto la waya wa simu nyuma ya jiko la mkaa. Kwa njia hiyo ya kupima jumla tu unaweza kuona nyota zenye vumbi mara mamia au elfu ya letu, zile zilizopitiliza. Zipo. HD 69830 iko miaka 41 ya mwanga, satelaiti ya Spitzer iliona vumbi lake la joto mwaka 2005, na lilikuwa na alama za madini ya silika, jamaa ya mchanga, yenye fuwele ndogondogo yanayofanana na ya kometi ya Hale-Bopp ile iliyopita 1997 ambayo wengi wetu tuliiona, na mwaka 2006 nyota hiyohiyo ikakutwa na sayari tatu za ukubwa kama wa Neptuni. Nyingine, BD+20 307, ina vumbi la joto kama mara milioni ya la kwetu, wanaona kuna miili mikubwa imegongana huko. Lakini hizo ni za ajabu, nyota za kawaida je?

Halafu kuna lile la chombo chenyewe. Fundi yeyote wa kamera ya joto anajua shaba inayong'aa inadanganya, unaelekeza kamera kwenye basbaa, ule ubapa wa shaba unaobeba umeme ndani ya paneli, iliyosuguliwa inakuonyesha joto dogo kumbe inachoma, maana chuma kinachong'aa hakitoi infraredi vizuri, kinakurudishia ya kwako mwenyewe ulivyosimama pale mbele, ndo maana tunabandika kipande cha tepu nyeusi tunasomea hapo. Vumbi nalo lina ujanja wake. Chembe iliyo ndogo kuliko wimbi la mwanga haiwezi kutoa infraredi vizuri, joto likiingia kutoka kwenye nyota linakosa pa kutokea, kwa hiyo chembe inakuwa ya moto kuliko kokoto kubwa iliyo umbali uleule. Maana yake ukisoma joto peke yake huwezi kusema vumbi liko umbali gani, inaweza ikawa chembe kubwa iliyo karibu, inaweza ikawa ndogo iliyo mbali zaidi. Na kule hamna wa kwenda kubandika tepu. Ongeza na kwamba darubini iliyo hapa duniani nayo ina joto, kioo kinatoa infraredi ya maikromita 10, hewa inatoa, jengo linatoa, ni kama kutazama mchana kweupe, inabidi waelekeze kwenye nyota kidogo, wahame pembeni kwenye anga tupu, watoe hesabu, warudi, hivyo hivyo usiku mzima.

Dawa waliyopata ni nzuri mno nashangaa haikuandikwa. Mwaka 1978 mwanasayansi Ronald Bracewell alipendekeza kwamba mwanga kwa kuwa ni mawimbi, ukiukusanya kwa vioo viwili halafu ukauchanganya kwa namna ambayo kilele cha wimbi la kioo hiki kinakutana na bonde la wimbi la kioo kile, mwanga wa nyota unajifuta wenyewe. Ila kitu kilicho pembeni ya nyota njia yake inapishana kidogo, chenyewe hakifutiki. Nyota inazimwa vumbi linabaki. Watu wa umeme wa fezi tatu mtanielewa haraka, mzigo ukilingana kwenye fezi zote waya wa nyutro hauna kitu, ukiona mkondo kwenye nyutro ujue kuna kisicholingana. Kule Mount Graham, Arizona, kuna darubini ya vioo viwili juu ya mhimili mmoja, kila kimoja mita 8.4, na wameifanyia hivyo hasa. Walipima nyota 38 za jirani, matokeo ya jumla yakatoka 2020. Kipimo chao wanakiita zodi, zodi 1 ni vumbi kiasi cha hili la kwetu. Nyota zinazofanana na Jua makadirio ya katikati yaliangukia kama zodi 3, na wakasema kwa uhakika wa asilimia 95 hayazidi 27. Na wakaona jambo jingine, nyota ambazo zinajulikana kuwa na vumbi la baridi kule nje mara nyingi ndo zenye la joto kule ndani, yaani kuna kitu kinalisafirisha kutoka nje kuingia ndani au kometi zinatoka huko zinakuja kupukutikia ndani.

Kabla yao mwaka 2006 Vega ilishawachanganya watu tena, darubini za CHARA kule Mount Wilson, California, ziliona karibu na nyota yenyewe kabisa mwanga wa ziada wa kama asilimia 1.3 kwenye maikromita 2, hilo sio vumbi la joto tena ni la moto, zaidi ya nyuzi elfu moja, liko pale ambapo chembe zinakaribia kugeuka mvuke. Kwa hesabu ya kawaida halitakiwi kukaa hapo, linatakiwa lipeperushwe au liyeyuke haraka sana, na bado lipo na nyota nyingine nyingi zimekutwa nalo. Wengine wanasema usumaku wa nyota unazinasa chembe, wengine kometi zinalileta bila kupumzika. Hawajakubaliana. Mi napenda sana habari za namna hii ambapo watu wenye vyombo vya mabilioni wanakuna kichwa, na gazeti likiandika hivyo halipotezi heshima.

Sasa hili la Beta Pictoris. Hiyo ni nyota unayoweza kuiona kwa macho kutoka kijiji chochote cha Chamwino, Januari na Februari jioni iko kusini, hafifu kidogo, miaka 63 ya mwanga, na ni changa, miaka kama milioni 20 tu wakati Jua lina bilioni 4.6. Mwaka 2004 na 2005 Spitzer ilisoma vumbi lake la joto, ikaona alama za fuwele za silika waziwazi. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ikaangalia palepale, alama hazipo. Limeondoka. Maelezo waliyotoa 2024 ni kwamba Spitzer ilikuta vumbi bichi la mgongano mkubwa wa asteroidi uliokuwa umetokea muda mfupi tu kabla, na katika miaka ishirini mwanga wa nyota umelipeperusha lote. Tumezoea kuambiwa mambo ya nyota yanachukua mamilioni ya miaka, hili limetokea ndani ya umri wa mtoto kuzaliwa mpaka kumaliza chuo.

Na ya Fomalhaut ndo inayowahusu ninyi wenye magazeti moja kwa moja. Novemba 2008 ilitangazwa kwamba darubini ya Hubble imepiga picha sayari inayozunguka Fomalhaut, magazeti ya dunia nzima yakaandika, na mwaka 2015 ikapewa hadi jina rasmi, Dagon. Tatizo lilikuwepo toka mwanzo, ilikuwa inaonekana kwa mwanga wa macho lakini infraredi haionekani, na sayari kubwa ingetakiwa iwe na joto la kutoa infraredi. Mwanga upo, joto hamna. Mimi kazini nikikuta hivyo nasimamisha kwanza. Baadaye ile nukta ikaanza kufifia na kutanuka, na mwaka 2020 uchambuzi wa picha za Hubble ukaonyesha kwamba inayofaa zaidi ni wingu la vumbi la mawe mawili yaliyogongana, linasambaa na kupotea. Sayari yenye jina imekuwa vumbi! Webb ilipoangalia Fomalhaut, picha zikatoka Mei 2023, ikaona mikanda mitatu ya vumbi, na miwili ya ndani ilikuwa haijawahi kuonekana kabla. Waliosoma habari ya 2008 ni wangapi na waliosoma ya 2020 ni wangapi? Hapa kwetu sidhani kama hata mmoja kijiweni aliwahi kuambiwa.

Ndo maana nasema hizi ni habari moja. Vumbi lote la kwetu ukilijumlisha linang'aa kuliko Dunia yetu mamia ya mara kwenye hiyo infraredi. Mtu aliye kwenye nyota nyingine akitutafuta anakutana na vumbi kabla ya kutuona sisi. Na sisi tukiwatafuta wengine hivyohivyo, NASA wanapanga darubini mpya ya angani ya kupiga picha sayari zinazofanana na Dunia kwenye nyota za jirani, Habitable Worlds Observatory, na swali mojawapo kubwa ni kila nyota ina zodi ngapi, maana ikiwa 3 kazi inawezekana na ikiwa makumi inabidi ukodolee nyota moja muda mrefu mno, na pia vumbi likiwa na mabonge linaweza kujifanya sayari. Kwa hiyo yule anayehesabu vumbi Arizona anafanya kazi ya mwanzo kabisa ya hiyo dunia ya pili mnayoiandikia kwa wino mwekundu. Fundi anapima laini kwanza ndo anawasha.

Mhariri, sidai muwe jarida la sayansi. Nachoomba ni kwamba mkiandika sayari mpya imeonekana, mtuambie imeonekana kwa njia gani, kwa mwanga wake, kwa joto lake, kwa kivuli chake ikipita mbele ya nyota au kwa nyota kuyumba, maana kila njia ina namna yake ya kudanganya. Na ile picha mliyoweka ya bahari ya bluu na milima ni mchoro, watu wanadhani kuna mtu kapiga, wekeni neno "mchoro" chini yake haigharimu kitu. UDOM kuna walimu wa fizikia, mpigieni mmoja simu kabla hamjachapa.

Kuna la mwisho ambalo ni la hapa mjini. Tangu serikali ihamie taa zimekuwa nyingi, jambo jema, na mi nimefunga baadhi, lakini nyingi zinafungwa zikiwa zimeinama vibaya nusu ya mwanga inaenda mawinguni, umeme unalipiwa kumulika popo. Taa yenye kofia ikielekezwa chini inamulika barabara vizuri zaidi kwa wati chache. Kutoka Area D au Kisasa ule mwanga wa zodiaki hauonekani tena, nawaambia kama mtu anayepanda juu ya paa usiku kwa kazi. Ukitoka nje kidogo bado upo. Basi badala ya mchoro mtumeni mpiga picha wenu Bahi, njia ya Manyoni, siku za Agosti au Septemba ambazo mwezi haujatoka, taa za mji zitakuwa mgongoni kwake, aweke kamera kwenye stendi ielekee magharibi kuanzia saa mbili kasoro hivi usiku, lenzi pana kabisa, aiache wazi sekunde ishirini au thelathini. Kama hewa imetulia na vumbi letu la chini limelala, atapata nguzo ya mwanga inayopanda kutoka pale Jua lilipozama. Mchape hiyo, na chini muandike: vumbi.

Wako msomaji,
Fundi umeme,
Kizota, Dodoma